Uliza Mzee wa Safari: Nitajuaje Mawimbi Yako Wapi?

SWALI: Mzee wa Safari, niaje. Mimi ni kijana wa Rongai, Disemba nilijifunza kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao wa kukodi huko Diani na nikashikika kabisa. Sasa nimepewa likizo ya wiki moja mwezi wa nane, nataka kujaribu sehemu mpya, Kilifi ama Watamu ama Malindi, lakini huko sijui mtu hata mmoja. Nimeweka apu tatu kwenye simu na zote zinaniambia mawimbi karibu mita 2, kila mahali, kila siku. Nikiuliza mabeshte wananiambia Kenya hakuna mawimbi. Nani anasema ukweli? Na ubao je, nitaubebaje? Nimenunua wangu sasa.

JIBU: Niko poa kijana. Wote wanasema ukweli, ni vile wanaangalia maji tofauti. Ile mita 2 ya apu ni ya bahari kuu, huko nje kabla ya mwamba, na sehemu kubwa ya pwani yetu imezungushiwa mwamba wa matumbawe, kwa hivyo ukisimama Diani ama Watamu maji yakiwa yamepwa utaona mstari mweupe wa povu mbali kule, mita 2 zako zinaishia hapo hapo, na huku mbele yako watoto wanaogelea kwenye maji ya magoti. Apu haioni mwamba.

Basi kabla hujalipia chumba fungua ramani ya setilaiti ufuate ufuo polepole, utafute mahali ule mstari mweupe umekatika. Mara nyingi ni pale mto unaingia baharini, kwa sababu matumbawe hayapendi maji ya mto yasiyo na chumvi, wala matope. Malindi ndiyo mfano mzuri zaidi. Ghuba yake iko wazi kwa sababu ya mto Sabaki, ambao ni Athi yetu hii hii, ukishuka unaitwa Galana halafu Sabaki, kumaanisha uchafu tunaotupa mtoni hapa Nairobi unaweza kukutana nao tena ukiwa juu ya ubao. Ningekuwa na wiki moja tu ya mwezi wa nane ningeenda Malindi bila kufikiria sana. Ukifika, anzia karibu na jeti utembee ufuoni kuelekea kaskazini ukiangalia mawimbi yanavyobadilika, lakini mdomo wa mto wenyewe uache, kuna magogo, maji huoni chini, na kuna viboko.

Mwezi wa nane uko ndani ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, na hiyo ni bahati yako, kwa sababu kusi ndiyo inasukuma mawimbi kuja kwetu. Kaskazi, ile ya Novemba mpaka Machi, ni ya watalii na ya wale wanaovutwa na kaiti juu ya maji. Usitegemee mambo ya Afrika Kusini lakini, Madagaska imekaa huko chini kama soja wa geti na mawimbi mengi yanayotoka mbali kusini hayapiti.

Kwenye apu usiangalie mita peke yake, angalia sekunde, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Mita 1.5 kwa sekunde 6 ni fujo tu ya upepo, yanakuja yakisukumana, hujamaliza kugeuza ubao lingine limeshakupiga. Mita 1 kwa sekunde 11 ni kitu kingine kabisa, limepangika, lina nguvu, na linakupa muda wa kupiga makasia ya mikono. Ukifika unaweza kuhakikisha mwenyewe: chagua boya ama mashua iliyotia nanga, washa saa ya simu, hesabu inapanda mara ngapi kwa dakika mbili halafu ugawanye sekunde 120 kwa hesabu hiyo. Ikipanda mara 20 hizo ni sekunde 6, kunywa chai kwanza.

Upepo nao. Kusi ikishika saa nne, saa tano asubuhi, maji yote yanavurugika, kwa hivyo amka. Alfajiri kuna umande, ule upepo mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini, unalishika wimbi likasimama vizuri kabla ya kuvunjika. Saa kumi na mbili na nusu uwe ndani ya maji, si hotelini ukitafuta soksi.

Halafu maji yenyewe. Pwani yetu siku za bamvua, mwezi mpevu ama mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, na siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Mahali palipokuwa pazuri alfajiri, masaa mawili baadaye panaweza kuwa mawe matupu. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka, na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mabadiliko ni madogo, mgeni hatahangaika sana.

Sasa haya yote yanashindwa na mzee mmoja anayeshona nyavu, mradi ujue kumuuliza. Sisi wa Nairobi tunafika tukiwa na haraka, "mzee, mawimbi ni mazuri leo?" Kwake bahari nzuri ni ile iliyolala, atakuelekeza kwa roho safi mahali hakuna hata kiwimbi. Toa shikamoo, kaa, uliza habari za samaki, kisha muulize: siku za kusi ni wapi hampiti na mashua? Wapi bahari inachafuka kwanza? Pale anapopakwepa ndipo pa kwenda kupaangalia. Na muulize pia mkondo unavuta wapi, kwa sababu hapo mbele ya macho yako patakuwa na sehemu imetulia, haina povu, rangi imekolea kidogo, na mgeni huona hapo ndipo pa kuingilia kumbe ndipo maji yanarudi nje. Ukivutwa, usipigane na mkondo kurudi moja kwa moja, shikilia ubao na ukate kwa upande mpaka utakapokuachilia. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa, hiyo siku baki nchi kavu, wavuvi wenyewe huwa wamevuta vyombo juu.

Ubao: wa treni, uliza stesheni kabla ya kukata tiketi kama urefu huo unakubalika. Wa basi, toa mapezi, uzungushie blanketi kuukuu na kamba, fika mapema ili ubao ulazwe juu ya mizigo ya wengine, si chini, na mkubaliane bei na makanga kabla buti haijafungwa.