Sali mahali ambapo usipoonekana utaulizwa

Wengi wetu tuliokuja Dar kutafuta maisha tuna kanisa la mbali. Mtu anaishi Tabata, anasali Mwenge, kwa sababu kwaya ya huko ni moto na mhubiri anajua kusema. Jumapili anapanda daladala mbili, anasali, anarudi. Sina ugomvi naye. Ila mtu akiniuliza afanye nini imani isimpoe katikati ya foleni, kodi ya nyumba na vikoba, namwambia kwanza atafute pa kusali ambapo asipoonekana wiki mbili kuna mtu atampigia simu.

Sisi Wakatoliki tumeshawekewa pa namna hiyo. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wao wa Afrika Mashariki, waliazimia kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo: majirani wachache wanaosali pamoja majumbani. Nchi iliyokwisha kuzoea mabalozi wa nyumba kumi nadhani haikupata shida kuelewa.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Ndala zinajaa mlangoni, viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, watoto wanasinzia mkekani. Inasomwa Injili ya kesho yake, kisha mama mwenyekiti anauliza ni neno gani limetugusa. Kimya. Watu wanakohoa. Siku moja lilisomwa lile la wafanyakazi wa shamba la mizabibu, pale walioajiriwa saa kumi na moja jioni wanalipwa sawa na waliochoma jua kutwa nzima. Mimi hilo limenikera tangu utotoni; nafanya kazi ya hesabu, na hesabu ile haikubali. Akasema kijana mmoja kibarua wa ujenzi: "Mimi namwelewa yule wa saa kumi na moja. Ukisimama kijiweni tangu asubuhi hakuna aliyekuita, jioni umechoka kuliko aliyebeba zege." Nimesikia mahubiri mengi juu ya Mathayo 20, na mengine ya wasomi hasa. Lile ndilo ninalolikumbuka.

Baada ya sala linatoka daftari. Katibu anasoma nani ametoa mchango wa msiba na nani bado, na hapo ghafla kila mtu anachunguza kucha zake. Inaudhi, ndiyo. Lakini shilingi elfu mbili yangu naijua ilikokwenda, kwa sababu sanda na maua ya marehemu niliviona kwa macho yangu. Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu manabii wa redioni na mitandaoni, wanaotaja namba ya kutumia sadaka kabla hata ya kutaja andiko, ni huu: waombe hesabu. Mtumishi anayekasirika akiulizwa hesabu, simu yako ibaki mfukoni.

Na ukiambiwa umepona, nenda kapimwe kwanza, dawa uziache pale tu daktari atakaposema. Wakubwa wenzangu mnakumbuka 2011, kikombe cha Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge, huko Loliondo, kwa shilingi 500 tu, na foleni ya magari ikafika kilomita kadhaa. Wapo waliotoka hospitali kwenda huko, na wapo waliofia njiani. Siwacheki waliokwenda. Mtu mwenye mgonjwa ndani hushika chochote. Nasema tu kwamba uwe na watu wa karibu wa kukushika mkono siku hiyo, ili usikimbilie la mbali peke yako.

Mke wangu alipolazwa, kina mama wa jumuiya walipangana zamu ya uji bila kuniuliza. Chupa ya chai ilifika wodini kila asubuhi, imeandikwa jina lake kwa peni kwenye plasta. Kipindi kile mimi nilikuwa siwezi kusali. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Wenzangu wakawa wanasali, nami nakaa tu pale kwenye kiti. Ndiyo maana mtu mwenye mashaka simwambii asubiri hadi ayamalize ndipo arudi. Njoo nayo, kaa nyuma, itika "Amina" unapoweza.

Jirani yangu Mwislamu ananicheka kwamba nimechelewa kuligundua hili. Kwao inafundishwa kwamba sala ya jamaa inaizidi ya peke yako kwa daraja 27, naye asipoonekana alfajiri msikitini, wazee wanapita kugonga. Mwezi wa Ramadhani sahani ya tambi na kaimati inavuka ukuta kuja kwangu, na Krismasi sahani ileile inarudi na pilau.

Jumuiya ina kasoro zake, nisikudanganye. Umbea upo, tena wa kutosha. Kuna wanaotokea tu wakitaka barua ya ubatizo au ya ndoa, na kuna viongozi wanaotisha watu kwamba usiposali jumuiya, siku ukifa hatutakuzika. Hilo silipendi hata kidogo. Mtu anayekuja kwa kuogopa jeneza lake mwenyewe atasikia nini katika Neno? Ukikutana na kiongozi wa hivyo, usigombane naye. Kaa na wale wa zamu ya uji.

Kama umehamia mtaani juzi na hujui pa kuanzia, muulize mama anayeuza vitumbua asubuhi. Huyo anajua wiki hii wanasalia kwa nani, awe anasali nao au hasali. Fika mapema kidogo, maana viti vyenye mgongo huwahiwa, waliochelewa wanakalia ndoo.