Nyuki mdoezi: anza na mwenye nyumba

Kule Marafa, hatua chache kutoka ukingo wa korongo la Nyari, kuna mama mmoja ambaye jiko lake la udongo limenisomesha kuliko darasa lolote. Mimi huwapeleka wageni kutoka Malindi kwenda kuliona korongo. Wakishateremka na kijana wa kuwaongoza, mimi hubaki juu kwa mama nikinywa chai. Ukuta wa jiko lake upande wa mashariki umejaa vitundu, kila kimoja kinaweza kuingiza penseli. Jua likishaupiga, nyuki huanza kutoka na kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kuniangalia mimi au ukuta?"

Ndiye aliyenionyesha yule mweusi mwenye madoa ya bluu. Alikuwa ametua kwenye ufito uliochungulia udongoni, kichwa amekielekeza kwenye kitundu, katulia tuli. "Huyo ndiye askari wao," mama akasema. "Wenzake wanahangaika, yeye kazi yake zamu." Nikaamini. Nikaandika hivyo kwenye daftari, na baadaye nikawahadithia wageni wasiopungua kumi habari za nyuki askari wa Marafa. Mungu anisamehe.

Yule si askari, ni mdoezi. Mdoezi wa mtaani mnamjua: bei ya unga haijui, lakini saa ya ugali kuepuliwa anaijua. Nyuki mdoezi ni hivyo hivyo, ila huyu ana ukatili. Hachimbi tundu wala hakusanyi chavua. Jike huvizia mwenye tundu akienda mauani, akaingia kutaga yai kwenye kijumba ambacho mwenzake amekwisha kukiwekea chakula cha mtoto. Wengine huwahi kijumba kikiwa wazi. Huyu wa madoa, wa jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya Thyreus, ni fundi zaidi: hukitoboa kifuniko cha kijumba kilichozibwa, akataga, kisha akaziba tena. Siku niliyomwona akiingia, alikaa ndani hata chai yangu ikapoa. Buu wake akianguliwa huwa na taya zilizopinda kama mundu, na kazi yake ya kwanza ni kumuua mtoto wa mwenye nyumba. Kisha hula kile chakula.

Wazungu humwita kwa jina la kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake. Jamaa ya kekeo tuliyemzoea zaidi huku ni dudumizi, lakini tukimpa nyuki jina lake tutakuwa tumemsingizia, maana dudumizi hujenga mwenyewe na kulea mwenyewe. Mimi nasema mdoezi, na kila ninayemwambia huelewa papo hapo.

Sasa kuhusu kumtambua. Watu huniletea picha kwenye simu na swali ni lile lile: huyu ni aina gani? Nami huwajibu kwa swali: ulimwona wapi, na jirani zake walikuwa akina nani? Wengine hudhani nakwepa. Sikwepi. Nyuki wanaojulikana duniani ni zaidi ya aina 20,000, na wadoezi miongoni mwao ni maelfu. Ukianza na rangi utapotea. Lakini kila ukoo wa wadoezi una watu wake unaowadoea, kwa hiyo ukimjua mwenye nyumba, orodha ya wageni wake inakuwa fupi.

Kwenye ukuta wa mama, wenye nyumba ni Amegilla: mnene, manyoya tele, mistari ya bluu au nyeupe imekatiza tumboni kutoka upande hadi upande. Kama huna ukuta wa udongo, mtafute kwenye mtunguja ukichanua. Hulishika ua la zambarau akalitikisa kwa mtetemo, na unasikia mlio unapanda ghafla kama pikipiki inayong'ang'ana na kilima. Thyreus naye utamkuta kwenye mrihani, kimya, akinywa zake. Waweke wawili hao kichwani. Amegilla ana mistari iliyoungana, Thyreus ana madoa yaliyoachana juu ya weusi. Amegilla mguu wake wa nyuma ni brashi, mara nyingi imejaa unga wa manjano. Mguu wa Thyreus una vidoa vya manyoya mafupi yaliyolala, brashi hana, kwa sababu hana cha kubeba.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na mimi niliteleza kwa muda mrefu. Mguu mtupu peke yake si ushahidi. Madume ya nyuki wote hayakusanyi chavua. Ukiona miguu safi ukatangaza mdoezi, huenda umemtangaza dume la mwenye nyumba mwenyewe. Piga picha ya uso na uhesabu pingili za kipapasio: jike ana 12, dume ana 13. Ni kazi ya kuumiza macho, lakini ikishakuwa mazoea huchukua dakika moja. Ukishajua ni jike, na brashi hana, wala miguuni wala chini ya tumbo, hapo una haki ya kuanza kushuku.

Nimesema chini ya tumbo kwa sababu si nyuki wote wanaobeba mguuni. Nyumbani kwangu Malindi kuna tundu la kitasa kilichoharibika zamani, na kila mwaka nyuki aitwaye Megachile hulijaza vipande vya majani ya waridi, amevikata mviringo utadhani kwa mkasi. Huyo chavua huipakata tumboni. Mdoezi wake mkubwa ni Coelioxys, na kwa kweli huyu ndiye ningemshauri anayeanza aanze naye, kwa sababu jike ana tumbo lililochongoka nyuma kama sindano ya kushonea magunia. Dume halina ncha moja, lina vijino kadhaa mkiani. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, tazama macho: yana manyoya mafupi yaliyosimama, jambo ambalo si la kawaida kwa nyuki. Na kama picha yako imeushika ubawa vizuri, hesabu vyumba vidogo, yaani nafasi zilizozungukwa na mishipa ya ubawa, vinavyopangana karibu na ukingo wa mbele. Coelioxys ana viwili, Thyreus ana vitatu. Mara moja moja Coelioxys huja hata kwenye ukuta wa Amegilla, kwa hiyo mwenye nyumba anakupa mwanzo tu, hakupi jibu zima.

Mwendo nao unasema mengi. Mwenye nyumba akirudi na mzigo huja moja kwa moja, kitundu chake anakijua. Mdoezi huruka chini chini, polepole, akipima kitundu hiki na kile, akitua, akinusa, akiondoka, akirudi. Kama mtu anayepita mlangoni mwako mara ya nne akijifanya amepotea.

Hilo la mwendo lakini hufanywa na nzi fulani pia. Yule mwenye manyoya na mdomo mrefu, anayeelea mbele ya vitundu na kuvirushia mayai kutoka angani, naye ni dhalimu, lakini ni nzi: mbawa mbili tu, vipapasio vifupi, macho yamejaa kichwa. Na yule wa kijani au bluu inayong'aa kama chuma, anayejikunja mviringo ukimgusa, ni nyigu. Mchangani, kama kule kwenye vilima vya Shela, Lamu, wanaochimba kwa kurusha mchanga nyuma kama mbwa ni nyigu pia, wanapeleka nzi kwa watoto wao.

Ukitaka picha safi acha kuwakimbiza mchana. Amka. Saa kumi na mbili alfajiri, kabla jua halijapasha moto, zunguka kwenye vijiti vikavu na mashina ya nyasi pembeni mwa korongo. Wadoezi hawana kwao, kwa hiyo hulala nje, nao hulala kwa meno: wanakiuma kijiti, miguu wanaikunja, mwili unaning'inia hewani. Asubuhi moja niliwakuta Thyreus watano kwenye kijiti kimoja, wamepangana kama nguo kwenye kamba. Niliwapiga picha juu, ubavuni, usoni na mkiani, hakuna aliyejitikisa. Madume ya nyuki wa kawaida nayo hulala hivi, kwa hiyo usisahau kuhesabu pingili.

Kuna mgeni mmoja, mzee kutoka Arizona, aliyenikuta nimelala kifudifudi mbele ya ule ukuta akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe naye ana ugonjwa huo huo wa kutazama nyuki. Kwao ni jangwa hasa, si ukavu wetu huu wa kusubiri masika. Ndiye aliyenifumbua macho kwamba nyuki hawapendi msitu mnene kama tunavyodhani. Kwenye bonde moja la mpaka wa Arizona na Mexico, eneo la kilomita za mraba 16 tu, watafiti wamehesabu karibu aina 500 za nyuki. Ardhi kavu haiozeshi chakula cha watoto kirahisi, na mvua ikinyesha maua hufumuka kwa pamoja. Wako nyuki wa jangwani ambao watoto wao hukaa chini ya udongo hata zaidi ya mwaka wakingoja unyevu. Panapojaa wenye nyumba, wadoezi nao hujaa.

Aliponitumia picha zake, nikaona nyuki mweusi mwenye madoa meupe ya manyoya, nikamwandikia kwa kujiamini: Thyreus. Akanijibu kwa upole kwamba Thyreus ni wa Afrika, Asia, Ulaya na Australia. Bara la Amerika hawana. Yule alikuwa Ericrocis, mdoezi wa nyuki waitwao Centris. Niliona haya, maana ushauri ninaowapa watu, wa kuuliza kwanza wapi na jirani gani, mwenyewe nilikuwa sijaufuata. Nguo zao zinafanana, lakini si jenasi moja.

Tangu hapo nimejifunza majangwa yale kwa njia ya wenye nyumba. Palipo na Anthophora wanaochimba kwenye kingo za udongo, tazamia Xeromelecta. Palipo na Perdita, ambao wadogo wao kabisa wana urefu wa milimita 2 hivi, mdoezi ni Neolarra, mdogo kiasi kwamba ungemdhania punje ya vumbi inayotembea. Wanaosumbua hasa ni Epeolus na Triepeolus. Wote weusi, wote wana mikanda ya manyoya mafupi ya njano au meupe, na kwa rangi pekee utabahatisha. Epeolus huwadoea nyuki waitwao Colletes; Triepeolus aghalabu huwadoea nyuki wenye madume ya vipapasio virefu. Ukikosa kumwona mwenye nyumba, geukia mkia wa jike: Epeolus ana kiraka kifupi na kipana cha manyoya ya fedha karibu na ncha, kimekaa kama mwezi mwandamo. Cha Triepeolus huwa kirefu zaidi. Ndiyo maana nasema piga picha ya mkia. Watu wana picha mia za mgongo na hakuna hata moja ya mkia.

Anayekwenda Marsabit au Turkana kwa shughuli zake na akataka kujaribu, aende baada ya mvua, maua yakishatoka. Wakati wa kiangazi kikali utarudi na picha za mawe.

Na jina kamili la aina? Hapo punguza haraka. Kwa Thyreus, kuna kibamba kigumu nyuma ya mgongo kinachojitokeza juu ya kiuno, ukingo wake umekatwa pembe katikati. Umbo la pembe ile, mpangilio wa madoa ya tumbo na ya miguu, na umbo la mguu wa nyuma wa dume, hivyo ndivyo vinavyotenganisha aina, na mara nyingi hata hivyo hakuna hakika mpaka mtaalamu apasue dume na kuangalia viungo vya uzazi. Mimi huandika "Thyreus, jike, Marafa", tarehe na ua aliloliendea, nikaishia hapo. Madoa yenyewe ni manyoya, na manyoya hupukutika. Nyuki mzee anaweza kuwa na madoa nusu ya yale aliyozaliwa nayo. Niliwahi kumwokota mfu mmoja mzuri sana nikamtumbukiza kwenye chupa ya spiriti nikidhani namhifadhi. Alitoka manyoya yamegandamana, madoa hayasomeki, kama paka aliyenyeshewa. Mfu huwekwa mkavu, kwenye kisanduku kidogo, na karatasi yenye mahali na tarehe. Kukusanya walio hai kwa utafiti kunahitaji vibali, na kusafirisha nje ya nchi ndiyo kabisa, kwa hiyo mgeni akikuomba umtumie "vichache tu" mwelekeze Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Wiki iliyopita nilipofika Marafa nikakuta ndoo ya udongo uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe. Mama anakandika jiko upya kabla ya mvua. Kuta tatu zimeshalainika, hazina hata ufa. Nikamweleza tena kisa chote cha yule askari wake, na nikamwomba upande wa mashariki auache kwanza, walau mpaka nyuki walio ndani watoke.

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Sawa, nitauacha. Lakini ukija kukandikwa, utakuja kuukandika wewe."

Nimeambiwa nije na nguo za kazi.