Usiamini lita zilizoandikwa kwenye boksi la pampu

Juzi kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Kaka, samaki wangu sita wamekufa ndani ya wiki moja, na maji ni meupe kabisa. Nimekosea wapi?" Nilisoma ujumbe huo nikiwa kwenye daladala, moyo ukaniuma, maana yaliyompata ndiyo yaliyonipata mimi.

Tangi langu la kwanza la samaki wa mapambo, pale Tabata, lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Chujio la kusafisha maji yake nililinunua Kariakoo nikiambiwa linatosha. Siku ya tisa nikaokota samaki wanne, wote wamekufa. Niliporudi dukani, muuzaji akanitamkia mbele ya wateja kwamba mimi sijui kufuga. Neno lile sijalisahau hadi leo. Nikaapa kutengeneza chujio langu mwenyewe.

Nilichukua ndoo ya lita nne, nikaiweka juu ya tangi. Pampu inasukuma maji kwa bomba la nusu inchi hadi ndani ya ndoo, chini kabisa, maji yanapanda taratibu kupitia sponji, kisha vipande vya tofali la kuchoma, halafu yanarudi kwenye tangi. Bomba la kurudishia nililiweka la inchi moja, baada ya lile la nusu inchi kuzidiwa na kunimwagia maji sebule nzima usiku. Mawe ya matumbawe msiweke, hata kama yamejaa mtaani kwenu: yanaongeza ugumu wa maji.

Sasa kipimo. Chujio lizungushe maji ya tangi kama mara tano kwa saa. Kwa lita 54 ni lita 270. Boksi la pampu yangu liliandikwa lita 400 kwa saa, nikafurahi. Nikakinga maji yanayotoka kwenye ndoo kwa chupa ya lita moja, nikashika saa: sekunde 20! Hizo ni lita 180 tu kwa saa, kwa kuwa pampu ikipandisha maji juu nguvu inapungua. Nilitakiwa nipate sekunde 13. Nikabadilisha pampu. Ndugu zangu, pimeni wenyewe, pimeni kila mara.

Na jamani, uvumilivu! Weupe wa maji si usafi. Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, haionekani, na bakteria wanaoibadilisha huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji. Mtu akikimbilia kuweka samaki sita siku ya kwanza, anawaua kwa mikono yake. Sponji isuuzeni kwa maji ya tangi lenyewe. Klorini ya maji ya bomba inaua bakteria hao.

Kijana wa Mbagala nimemwambia asinunue samaki mwezi huu. Aanze na chupa na saa, kisha aniletee sekunde zake.