Zitenganishe Nyaya Kabla ya Kuzifunga

Siku ya kwanza nilipozipanga nyaya za nyuma ya televisheni, nilijiona fundi. Nilizikusanya zote, za umeme, za spika, za picha na ile ya antena, nikazikaza kwa vifungo vya plastiki mpaka zikawa kitu kimoja kinene mfano wa kamba ya jahazi, nikakisukumia nyuma ya kabati. Jioni hiyo nilipowasha amplifaya ili nisikilize santuri, spika zilianza kuvuma kabla hata sindano haijashuka, na mvumo ulizidi kila nilipoongeza sauti.

Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba kosa halikuwa la kifaa chochote, bali la unadhifu wangu. Umeme wa ukutani hukamilisha mizunguko 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi, na waya unaoubeba huzungukwa na uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi hiyohiyo. Kebo ya sauti ya analogi, ile yenye plagi nyekundu na nyeupe, ikilala sambamba na waya huo kwa urefu wa mita moja au mbili hudaka sehemu ya mabadiliko hayo, na amplifaya, isiyojua kutofautisha muziki na uchafu, huvikuza vyote viwili. Inayodhurika zaidi ni kebo ya kicheza santuri, kwa kuwa hubeba milivolti chache tu na hivyo hulazimu kukuzwa mno. Nyaya za spika hazina udhaifu huo, kwani sauti inayopita ndani yake imekwisha kukuzwa. Kebo ya HDMI, inayopeleka picha na sauti kwa njia ya kidijitali, nayo haivumi. Ikipata hitilafu, picha hukatika au huonyesha madoadoa.

Kwa hiyo sasa huanza kwa kuzigawa nyaya kulingana na kile zinachobeba. Za umeme hupita upande mmoja wa kabati, za sauti na picha upande wa pili, na za spika hupata njia yake zenyewe inapowezekana. Pale ambapo waya wa umeme hauna budi kukutana na kebo ya sauti, navikatisha kwa umbo la msalaba ili vigusane mahali padogo iwezekanavyo, badala ya kuviacha vitembee bega kwa bega. Kama mvumo unabaki hata baada ya hapo, huenda chanzo ni vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti. Chomoa kwa muda kebo ya antena, ambayo huweza kuwa njia ya pili, na mvumo ukitoweka, umempata mhalifu. Usijaribu kamwe kuutibu kwa kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi, kwa maana pini hiyo imewekwa kukulinda wewe.

Vifungo vya plastiki nimeviacha kabisa. Ubaya wake ni kwamba kila ukitaka kuongeza au kuondoa kifaa lazima uvikate, na mimi niliwahi kukata pamoja navyo ganda la waya wa spika. Tepu ya kunatana, ile yenye manyoya upande mmoja na vikulabu upande mwingine, hufunguliwa na kufungwa upya bila mkasi, wala haizibani nyaya kupita kiasi. Jambo hili la kubana lina uzito wake: toleo la 2.1 la HDMI hupitisha hadi gigabiti 48 kwa sekunde kwenye jozi za nyaya nyembamba zilizosokotwa kwa vipimo, na kuziminya au kuzikunja kwa ukali huvuruga vipimo hivyo. Kebo ya sauti inayotumia nuru ikikunjwa pembe kali hupoteza nuru, na hatimaye huweza kuvunjika ndani ilhali nje inaonekana nzima.

Acha pia waya wa ziada nyuma ya kila kifaa, wa kutosha kukivuta mbele na kuziona soketi za mgongoni mwake bila kuchomoa kitu. Ziada hiyo ikunje kwa ulegevu. Waya wa umeme unaolisha kifaa kinachotumia nguvu nyingi usiuzungushe ukawa koili iliyobana, kwa sababu joto lake hukosa pa kutokea. Fungu zito lisining'inie kwenye tundu la HDMI, kwani plagi hiyo kwa kawaida haina kufuli na uzito huilegeza polepole. Lishikize kwenye mguu wa kabati. Amplifaya nayo inahitaji hewa juu na nyuma yake, kwa hiyo usiligeuze eneo hilo kuwa ghala la nyaya. Ukitundika televisheni ukutani, waya wake wa kawaida wa umeme usipitishwe ndani ya ukuta, kwa kuwa haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Lebo ziweke kwenye ncha zote mbili, tena ziandike jina la kifaa, si la tundu, maana matundu hubadilishwa. Nilipofikia hatua hii mara ya pili, niligundua kebo mbili ambazo sikuweza kuziandikia chochote: hazikuwa zimechomekwa popote, na nilikuwa nimezifunga pamoja na nyingine kwa uangalifu uleule.