Maswali ya Wasomaji: Kenya Ina Umeme Safi, Kazi Iliyobaki Ni Ipi?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu mkakati wa Kenya wa kutumia nishati jadidifu na kupunguza gesi joto, yaani gesi zinazopasha dunia joto. Tulieleza kwamba karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na kwamba Serikali imeahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030. Barua zilizotufikia baada ya hapo zinatofautiana kwa lugha na hasira, lakini nyingi zinauliza kazi iliyobaki ni ipi na nani anailipia. Tunajibu zile zinazogusa pande mbalimbali za suala hilo.

Ndugu Mhariri, mvuke wa Olkaria haununuliwi Uarabuni kama mafuta. Kwa nini basi stima ni ghali hivi, na tokeni inaisha hata kabla ya wiki kwisha? — Msomaji, Kisumu

Ni kweli kwamba mvuke haununuliwi, lakini kisima kinanunuliwa, tena kwa bei kubwa. Visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria na Menengai, katika Bonde la Ufa, huchimbwa hadi kina cha kilomita mbili au tatu, na hakuna mtaalamu anayeweza kuapa kwamba mvuke wa kutosha utapatikana kabla fedha hazijatumika. Utafutaji wa mvuke huko Olkaria ulianza miaka ya 1950, lakini mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. GDC, kampuni ya Serikali ya kuendeleza nishati ya mvuke wa ardhini, iliundwa mwaka 2008 hasa kwa ajili ya kubeba hasara ya uchimbaji ambayo wawekezaji binafsi waliikimbia.

Mtambo wa dizeli hujengwa kwa gharama nafuu na kuendeshwa kwa gharama kubwa. Jotoardhi, yaani nishati ya mvuke wa ardhini, upepo na jua huenda kinyume: karibu gharama yote hutolewa mwanzoni, na kwa nchi kama yetu hutolewa kwa mkopo, mara nyingi wa dola au yuro. Shilingi inapodhoofika, deni lile lile huongezeka, na mteja huliona ongezeko hilo katika mchanganuo wa malipo yake kama marekebisho ya fedha za kigeni. Hapo hapo pana gharama ya mafuta, marekebisho ya mfumuko wa bei, tozo ya usambazaji wa umeme vijijini na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Gharama ya mafuta haijatoweka kwa sababu saa za jioni, kila nyumba inapowasha taa na televisheni kwa wakati mmoja, jua limekwisha kuzama na upepo hauna ahadi na mtu. Kwa upande wenu wa magharibi kuna sababu nyingine: nyaya za kuleta umeme wa Olkaria zilichelewa kuimarishwa, na mtambo wa Muhoroni, usio mbali nawe, umekuwa ukiunguza mafuta ili umeme wa eneo lenu usiyumbe.

Mwandishi wa safu hii hakubaliani na wanaosema kwamba nishati jadidifu ndiyo iliyopandisha bei. Umeme wa jotoardhi ni miongoni mwa umeme wa bei nafuu zaidi katika gridi yetu, yaani mtandao wa taifa wa umeme, na lawama inastahili kuelekezwa kwenye mikataba na nyaya. Mfano ulio wazi ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, huko Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba ulitaka mzalishaji alipwe hata pale umeme wake unapokosa njia ya kupita, fidia ya mabilioni ya shilingi ilidaiwa kwa upepo ambao haukuwasha taa hata moja, na sehemu ya mzigo huo ikaishia kwa watumiaji.

Usiku wa manane hali hugeuka. Mahitaji hushuka, na Olkaria hulazimika kuachilia angani mvuke ambao ungeweza kuzalisha umeme, huku gharama ya visima ikiendelea kulipwa. Umeme huo wa usiku ungetosha kuchaji pikipiki na mabasi mengi, na ndiyo maana Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, iliweka mwaka 2023 bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Kwa maoni yangu hatua hiyo ndogo ina maana kubwa kuliko mradi mpya wa kuzinduliwa kwa utepe, kwa sababu inatumia kile ambacho tayari tumekilipia. Nawe, ikiwa nyumba yako haitumii zaidi ya uniti 30 kwa mwezi, hakikisha unatozwa bei ya kundi la chini, ambalo liliwekwa kwa ajili ya wateja wadogo.

Mhariri Mheshimiwa, wanafunzi wangu wameniuliza: asilimia 32 ya nini? Na je, ni haki kwa nchi maskini kubanwa kwa uchafuzi uliofanywa na matajiri? — Mwalimu wa Jiografia, Kitui

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo hotuba nyingi hulikwepa. Asilimia hiyo haihesabiwi kutokana na gesi zinazotolewa leo. Inahesabiwa kutokana na makadirio ya gesi ambazo Kenya ingetoa mwaka 2030 kama isingechukua hatua yoyote, yaani tani milioni 143 za kaboni dayoksaidi au gesi nyingine zenye athari sawa. Waombe waifanye hesabu ubaoni: wakiondoa asilimia 32 watabaki na tani milioni 97 hivi. Mwaka 2015 Kenya ilikadiriwa kutoa tani milioni 93.7. Kwa hiyo ahadi yetu, iliyowasilishwa Umoja wa Mataifa mwishoni mwa mwaka 2020, haikuwa ya kushuka chini ya pale tulipokuwa, bali ya kutopanda wakati idadi ya watu na uchumi vikikua. Sioni aibu yoyote katika ahadi hiyo, lakini naona kasoro katika kuitangaza kana kwamba ni upungufu halisi wa theluthi moja.

Kuhusu haki, mchango wa Kenya katika gesi joto za dunia haufiki hata asilimia moja. Ahadi yenyewe inalitambua jambo hilo: ilikadiria kwamba kupunguza gesi na kukabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi kungegharimu dola bilioni 62, na Kenya ikasema ingetoa asilimia 13 tu kutoka mfukoni mwake, nyingine zikitarajiwa kutoka nje. Ukame wa Kitui hausubiri fedha hizo, na hapo ndipo penye udhaifu wa mpango mzima. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inaitaka Serikali kuwa na mpango wa utekelezaji wa kila miaka mitano, na wa sasa unaishia mwaka 2027, lakini mpango unaotegemea fedha za mwingine huenda kwa mwendo wa huyo mwingine.

Liko jambo ambalo ningependa wanafunzi wako walishike zaidi ya takwimu. Gesi joto za Kenya hazitoki hasa kwenye mitambo ya umeme. Chanzo kikubwa ni kilimo, hasa methani inayotoka matumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kikifuatiwa na ukataji wa misitu na ubadilishaji wa matumizi ya ardhi, kisha mafuta ya magari. Hata tukifunga leo mitambo yote ya dizeli, jumla ya gesi zetu itapungua kidogo tu. Lishe bora ya mifugo, ili ng'ombe mmoja atoe maziwa ambayo leo yanatolewa na wawili, ni suala la mabadiliko ya tabianchi sawasawa na mtambo wa upepo, ingawa hakuna waziri anayepigwa picha akizindua majani ya napia ya kulishia ng'ombe.

Mhariri, salamu. Mimi nina mkahawa mdogo wa kupika chapati, maharage na samaki. Niliacha makaa nikaingia gesi, gesi ikapanda nikarudi kwenye makaa. Serikali inatutaka tupike kwa nini hasa? — Mama wa mkahawa, Likoni

Mama, hukuyumba wewe; sheria za kodi ndizo zilizoyumba. Mwaka 2016 gesi ya kupikia iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, na watu wengi wakanunua mitungi. Julai 2021 kodi ikarudishwa kwa asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Vifaa vya sola navyo vilirudishiwa kodi mwaka 2020 na kusamehewa mwaka mmoja baadaye. Mfanyabiashara anayeagiza mitungi, au wewe unayepanga bei ya sahani ya maharage, hamwezi kujenga biashara juu ya kodi inayobadilika kila Juni bajeti inaposomwa.

Suala la jiko ni kubwa kuliko linavyotazamwa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya nchini zilikuwa zikipika kwa kuni, na kwamba gesi ilitumika katika takriban robo ya kaya. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyodumu kuanzia Februari 2018 hadi Julai 2023, ilipandisha bei ya makaa bila kuyaondoa sokoni, maana watu walikatazwa nishati moja kabla ya kurahisishiwa nyingine. Lengo rasmi ni kila kaya kufikia upishi safi ifikapo mwaka 2028. Nina shaka kubwa kwamba tarehe hiyo itafikiwa.

Kwa swali lako la moja kwa moja: gesi ya mtungi nayo ni zao la mafuta ya petroli, lakini moshi wake ni mdogo mno ukilinganishwa na kuni au makaa, na mapafu yako yatakushukuru. Kwa maharage, fikiria jiko la presha la umeme, ambalo huivisha sufuria ya familia kwa chini ya uniti moja. Chapati na samaki wa kukaanga viache kwenye gesi, kwa sababu mkahawa unahitaji moto mkali usiokatika pamoja na umeme.

Kwetu wamekuja kupima ardhi kwa ajili ya mitambo ya upepo. Je, wenyeji wana haki gani? — Msomaji, Marsabit

Una haki ya kuuliza mapema, kwa kuwa waliouliza wakiwa wamechelewa wameingiza miradi na jamii katika kesi za miaka mingi. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60, ulisitishwa mwaka 2016 baada ya mgogoro na wakazi kuhusu ardhi. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Ziwa Turkana zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria, wakati mitambo ilikuwa imeshazunguka kwa miaka mitatu. Huko Olkaria, familia za Wamaasai zilizohamishwa mwaka 2014 zililalamika kwa wafadhili wa kigeni kuhusu makazi mapya, na suluhu ikapatikana kwa upatanishi. Ardhi ya jamii inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, lakini ulinzi huo hutegemea jamii kusajiliwa. Anzeni hapo, kabla ya kusaini chochote.

Wengi huchanganya jambo moja: mgao wa mrabaha, yaani malipo ya kutumia rasilimali, ulio katika Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, ambao hutenga asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo, unahusu jotoardhi. Upepo hauna mrabaha wa namna hiyo, kwa hiyo faida yenu lazima iandikwe kwenye mkataba wa ardhi wenyewe, kwa kiasi na kwa tarehe.

Ndugu zetu wa Kenya, ikiwa mna umeme mwingi hivyo, kwa nini mnanunua Ethiopia? — Msomaji, Arusha

Kwa sababu umeme wa maji wa Ethiopia hupatikana kwa bei nafuu na husaidia saa za jioni. Mwishoni mwa mwaka 2022 Kenya ilianza kupokea hadi megawati 200 kupitia njia inayofika Suswa. Nanyi mko katika biashara hiyo hiyo: Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ingawa Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Rufiji, liliko bwawa hilo, iko mbali na Arusha, na umeme hupotea njiani.

Nimeweka sola juu ya paa la kinu changu. Je, umeme unaobaki naweza kuiuzia Kenya Power? — Msomaji, Machakos

Kuuza kwa fedha taslimu, hapana. Kanuni zilizotolewa mwaka 2024 zinamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuingiza ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa nusu ya uniti alizoingiza, ambazo hupunguzwa katika bili yake. Ukiingiza uniti 100 utafidiwa 50. Kwa kinu kinachosaga mchana, ni busara kutumia umeme wako jua linapowaka na kuingiza kwenye gridi ule wa Jumapili na siku kuu tu. Kabla ya kununua paneli zaidi, peleka maombi ya mita ya pande mbili na usubiri idhini kwa maandishi, kwa sababu mita ya kawaida haitakuhesabia chochote.