Tishu za mimea na wanyama: ushauri kwa wanaoanza kidato cha tano

Kila mwaka wanafunzi wapya wa michepuo ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia) wanaporipoti katika shule za hapa Moshi, mada ya tishu huwa miongoni mwa zile wanazokutana nazo mapema, na wengi wao huipokea kama orodha ya majina ya kukariri. Huchora jedwali, mimea upande huu na wanyama upande ule, wakaandika parenkima, kolenkima, epithelia na misuli, na mbele ya kila jina wakaweka kazi moja au mbili. Mwezi haujaisha, jedwali lipo daftarini lakini kichwani halimo. Nimefundisha mada hii kwa muda mrefu, na ushauri wangu kwenu mnaoanza ni kwamba msiingie kwa mlango huo. Kabla ya kukariri jina la tishu yoyote, ulizeni maswali mawili: tishu hii imepewa kazi gani, na nguvu ya kuifanya kazi hiyo imewekwa wapi?

Tishu ni mkusanyiko wa seli zenye asili moja zinazoshirikiana kufanya kazi fulani, pamoja na vile vitu ambavyo seli hizo zimevitengeneza na kuviweka baina yao. Sehemu ya pili ya maelezo hayo huachwa mara nyingi, nayo ndiyo inayofungua mada nzima. Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta wa selulosi, kwa hiyo mmea unapohitaji uimara huunenepesha ukuta huo, na panapohitajika uimara zaidi huongeza lignini, kile kitu kinachoufanya ukuta uwe mgumu kama ubao, ndani yake, kiasi kwamba hata seli yenyewe ikifa ukuta hubaki ukiendelea na kazi. Seli ya mnyama haina ukuta, ina utando mwembamba tu. Mnyama basi huweka uimara wake nje ya seli: katika nyuzi za kolajeni, katika chumvi za kalsiamu, katika ute mzito ulio baina ya seli na seli. Aliyelielewa hilo hatashangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya gogo la mti ni seli zilizokufa, wala hatashangaa anapotazama gegedu kwa hadubini na kukuta seli chache zimetawanyika katika eneo pana lisilo na seli.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Tafuteni mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, mchukue kipande cha kile tunachokiita shina. Mtagundua kwamba si shina la kweli, bali ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana tabaka kwa tabaka. Shina la kweli la mgomba ni tunguu lililo ardhini, pamoja na ile sehemu inayopanda katikati kubeba mkungu. Bandueni ganda moja, mlikate kwa wembe, kisha mlielekeze kwenye mwanga. Ndani yake kuna safu ya vyumba vikubwa vya hewa vilivyotenganishwa na kuta nyembamba za parenkima, na tishu ya namna hiyo huitwa aerenkima. Vyumba hivyo hulifanya ganda liwe nene na hivyo lisikunjike kirahisi, bila kuugharimu mmea vitu vingi vya kujengea. Karibu na upande wa nje mtaona nyuzi ambazo mkizivuta zinatoka ndefu. Hizo ni sklerenkima, yaani tishu ya seli zenye kuta nene na ngumu, nazo nyingi huandamana na mirija ya maji na chakula. Utomvu utakaoacha doa lisilofulika kwenye shati umetoka katika seli maalumu zinazoutunza.

Kisha angalieni maji yanayochuruzika pale mlipokata. Hayo yalikuwa ndani ya vakuoli, yaani vifuko vya maji vilivyo ndani ya seli za parenkima, na ndiyo sababu wafugaji wa Kibosho na Marangu hukatakata migomba na kuwalisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Ukuta wa parenkima ni mwembamba na hauna lignini, kwa hiyo nguvu yake haiwezi kutoka kwenye ukuta peke yake. Inatoka kwenye maji yanayousukuma ukuta huo kutoka ndani. Maji yakipungua, jani hulegea. Mwanafunzi anayeandika kwamba parenkima ni tishu ya kujaza nafasi amesema kweli kidogo sana, kwa maana tishu hiyo moja ndiyo inayohifadhi wanga katika kiazi na mafuta katika parachichi, na ikipewa kloroplasti ndiyo inayofanya usanisinuru ndani ya jani.

Kutoka kwenye mgomba nendeni kwenye mbuni uliopandwa chini ya kivuli chake. Mgomba hauna kambiamu, mbuni unayo, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini mmoja hutoa ubao na mwingine hautoi. Kambiamu ni tabaka jembamba la seli zinazoendelea kugawanyika, na hupatikana pale gome linapoachana na mbao kwa utelezi unapolibandua kwenye tawi bichi. Upande wa ndani kambiamu huzalisha zailemu, yaani mbao, na upande wa nje huzalisha floemu, ambayo hubaki katika gome. Mtu akilibandua gome la mti kuuzunguka pande zote, majani hayanyauki siku hiyo, kwa kuwa maji yanaendelea kupanda katika zailemu. Mti hufa polepole kwa sababu mizizi inakosa sukari iliyotengenezwa juu. Jaribio hilo moja linafundisha kazi za tishu mbili kuliko kurasa kadhaa za daftari, ingawa siwashauri mlifanye kwenye mbuni wa mzee wa watu.

Kuna kosa moja ambalo ningependa mliepuke mapema, nalo ni kusema kwamba zailemu hupandisha na floemu huteremsha. Nusu ya kwanza ni sahihi, nusu ya pili si sahihi. Floemu huchukua sukari kutoka inakotengenezwa au inakohifadhiwa na kuipeleka inakohitajika, popote palipo: kiazi kinapochipua, sukari hupanda kutoka kwenye kiazi kwenda kwenye chipukizi. Zingatieni pia kwamba mirija ya zailemu iliyokomaa imekufa, haina kitu ndani ila maji na madini yaliyoyeyuka, ilhali mirija ya floemu ni hai, haina kiini, na hutegemea seli sindikizi zilizo kando yake. Aliyeelewa kwamba kusukuma sukari kunahitaji nishati, na kwamba maji hupanda kwa kuvutwa na uvukizaji wa majani, hana haja ya kukariri ni tishu ipi hai na ipi mfu.

Mkiwa bado kihambani, tazameni masale, mmea ambao wazee wa Kichagga wameuheshimu tangu zamani kama alama ya amani na ya mpaka. Masale ni jamii ya dracaena, mmea wenye ghala moja la mbegu kama mgomba na mahindi, na kanuni mtakayofundishwa ni kwamba mimea ya kundi hilo hainenepi shina. Lakini masale hunenepa, kwa kutumia tishu ya ukuaji iliyo tofauti na kambiamu ya kawaida. Kanuni katika baiolojia huwa na mipaka yake, na ni vizuri kuifahamu mipaka hiyo kwa kutumia kitu mlichokulia nacho.

Kuhusu tishu za kuimarisha zilizobaki sina haja ya kurefusha. Kateni shina la kivumbasha, ambalo lina pembe nne, na mtakuta kolenkima imejazana kwenye pembe hizo. Kuta zake zimenenepa lakini hazina lignini, kwa hiyo zinaweza kurefuka pamoja na shina changa. Ng'ateni pera, na ile chengachenga mnayoisikia kwenye meno ni seli mawe, ambazo ni sklerenkima. Nyuzi za mkonge nazo ni sklerenkima, na kwa Tanzania tishu hiyo imekuwa zao la biashara tangu Richard Hindorf alipouleta mkonge mwaka 1893.

Somo la wanyama lina maabara yake pia, nayo ni bucha. Msione aibu. Daktari Mfaransa Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30 tu, aliainisha tishu 21 za mwili wa binadamu bila kutegemea hadubini, chombo ambacho hakukiamini. Alizichemsha, akazikausha, akaziloweka katika asidi, akachunguza jinsi kila moja inavyobadilika. Hadubini zilipoboreshwa idadi hiyo ilipunguzwa hadi makundi makuu manne tunayoyatumia leo, yaani epithelia (tishu inayofunika nyuso za mwili, nje na ndani), tishu unganishi, misuli na neva, lakini njia ya Bichat bado inafaa kwa anayeanza.

Mwombeni muuza nyama, kwa heshima na wakati ambapo hana wateja wengi, awaonyeshe kano nyeupe ya mguu wa ng'ombe na ule utepe mnene wa rangi ya njano unaopita juu ya shingo. Vyote viwili ni tishu unganishi. Kano imejaa kolajeni iliyopangwa upande mmoja, haivutiki, kwa hiyo msuli unapojikunja mvuto wake wote unafika kwenye mfupa. Utepe wa shingo umejaa elastini, unavutika na kurudi, na ndio unaomsaidia ng'ombe kukibeba kichwa kizito bila kuichosha misuli anapoinama kula majani na kuinuka tena mara nyingi kwa siku. Sasa chemsheni vyote viwili kwa saa kadhaa. Kano italainika, kwa sababu kolajeni inapochemshwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa jelatini. Ndiyo maana supu ya makongoro ikipoa huganda. Ule utepe wa njano utabaki mgumu vilevile, kwa sababu elastini haibadiliki hivyo. Mkiona hayo kwa macho yenu, hamtachanganya tena nyuzi hizo mbili.

Fanyeni na hili nyumbani: loweka mfupa wa mguu wa kuku katika siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki inapochoka. Asidi itayeyusha chumvi za kalsiamu na kuiacha kolajeni, na mfupa utapindika bila kuvunjika. Mfupa mwingine uchomeni motoni hadi uwe mweupe; kolajeni itaungua, chumvi zitabaki, na mfupa utavunjika kwa vidole. Uimara wa mfupa unatokana na vitu hivyo viwili kwa pamoja, na vyote viko nje ya seli. Damu pia ni tishu unganishi, jambo ambalo wengi hulipinga mwanzoni kwa kuwa ni maji. Plazma ndicho kitu kilicho baina ya seli zake, na nyuzi zake hujitokeza pale tu inapoganda.

Epithelia itazameni kwenye matumbo ya mbuzi. Mfuko wa kwanza wa tumbo umefunikwa na epithelia ya tabaka nyingi, yenye uso mgumu wa keratini, kwa sababu unapokea majani makavu yanayokwaruza. Utumbo mwembamba umefunikwa na tabaka moja tu la seli ndefu, kwa sababu kazi yake ni kufyonza, na chakula hakiwezi kupita haraka katika tabaka nyingi. Mkiingia kwenye mapafu mtakuta tabaka moja la seli bapa, nyembamba kupita zote, kwa ajili ya hewa. Swali la mtihani linalouliza kwa nini epithelia fulani ina tabaka moja na nyingine nyingi linajibiwa kwa kutazama nini kinapita juu yake na nini kinapita ndani yake.

Misuli ina aina tatu ambazo vitabu huzieleza vizuri, na neno langu ni moja tu: msitumie mistari kama alama pekee ya kutofautisha, kwa maana msuli wa moyo una mistari kama wa mifupa, ila seli zake zina matawi na hazingojei amri ya utashi. Katika tishu ya neva, kumbukeni kutaja seli saidizi pamoja na niuroni. Wanaozisahau ni wengi.

Mtakapoingia maabara, kata nzuri ndiyo nusu ya kazi. Lowesheni wembe, kateni vipande vingi, mchague chembamba kabisa hata kama si kizima, kwa kuwa kipande kizima kilicho kinene hakipitishi mwanga. Shusheni kioo cha kufunika kwa kukiinamisha upande mmoja ili hewa itoke. Kiduara kikamilifu chenye ukingo mnene mweusi ni povu la hewa, wala si seli, na wanafunzi wengi hulichora kwa bidii na kulipa jina. Anzeni na lenzi ndogo, mtafute mpaka wa tishu moja na nyingine, mchore kwanza ramani ya tishu bila seli hata moja, kisha ndipo mpande lenzi kubwa na kuchora seli chache kutoka kila tishu. Tumieni penseli iliyochongwa, mistari isiyokatika, bila kutia kivuli, na mwandike ukuzaji wa mchoro. Chora kile unachokiona, hata kama kinatofautiana na picha ya kitabuni, kwa sababu msahihishaji ana kipande kilekile mbele yake.