Jibu: Ripoti ya ukaguzi inasema Samba yetu ina matundu, nifute nisakinishe upya?

Mkuu, umeeleza kwamba seva ya mafaili ya ofisi yenu inaendesha Samba (programu inayoshirikisha mafaili na kompyuta za Windows) juu ya Ubuntu (mfumo wa Linux), wakaguzi wamepitisha skana yao, wakakuachia orodha ndefu ya matundu ya usalama kwa kuangalia namba ya toleo, na sasa unataka kufuta kila kitu usakinishe Samba mpya kabisa kutoka kwenye msimbo wake. Naomba usifute chochote kwanza. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutunza seva za namna hiyo, na ripoti kama hiyo nimeshapokea mara nyingi.

Anza na hiyo namba ya toleo. Debian, Ubuntu na Red Hat kwa kawaida hawarukii toleo jipya katikati ya uhai wa mfumo. Tundu likitangazwa, wanachukua marekebisho yaliyoandikwa na watu wa Samba na kuyashonea kwenye toleo lile lile la zamani. Mwanzo wa namba unabaki vile vile, kinachobadilika ni mkia wake. Skana inayosoma mwanzo tu itakuambia uko hatarini hata kama kiraka kilishawekwa. Andika `apt changelog samba`, amri inayoonyesha historia ya mabadiliko ya kifurushi, kisha tafuta humo namba ya CVE (utambulisho wa kila tundu linalotangazwa) iliyo kwenye ripoti. Ukiikuta, na kifurushi ulichosakinisha ni hicho au cha baada yake, tundu limeshazibwa. Chapisha huo mstari umpelekee mkaguzi. Mimi nimekaa nao mezani na changelog mkononi, na mistari mingi ikafutwa kwenye ripoti siku hiyo hiyo. Ukijenga Samba mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kuanzia siku hiyo kila kiraka ni juu yako, na ukihamia kazi nyingine seva inabaki yatima. Haya yote ni kama Ubuntu yenu bado inapewa marekebisho. Toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu) lina miaka 5 ya kawaida. Kama imeshapita na hamna huduma ya nyongeza, hapo hamisha mfumo mzima, usihangaike na Samba peke yake.

Mistari itakayobaki usiipange kwa alama za rangi za ripoti. Soma tangazo la kila tundu na uulize: mshambuliaji anahitaji kuwa na nini mkononi ili alitumie? Hapa ndipo watu wengi wanakimbia haraka mno.

Chukua CVE-2017-7494, lililotangazwa Mei 2017. Lilikuwemo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010, miaka saba hakuna aliyeliona. Mtu akiwa na ruhusa ya kuandika kwenye folda ya pamoja, alipandisha faili la maktaba ya programu, yale yanayoishia na .so, kisha akaiomba seva ifungue bomba la mawasiliano (njia ambayo programu huzungumza na seva) akitoa njia ya faili hilo badala ya jina la bomba. Seva ikalipakia na kuliendesha, kwa mamlaka ya `root`, yaani msimamizi mwenye ruhusa zote. Kiraka chenyewe ni kifupi mno: jina la bomba likiwa na alama ya mkwaju (/) linakataliwa. Sasa angalia sharti lake, ruhusa ya kuandika. Ofisi yenye folda ya kusoma tu haikuwa kwenye hatari sawa na ile yenye folda ambayo kila mtu, hata mgeni asiye na nywila, anaweza kutupa faili. Linganisha na CVE-2012-1182 la mwaka 2012, ambalo halikuhitaji hata kuingia kwenye akaunti. Lile halingoji mwisho wa wiki, unalifunga saa hiyo hiyo.

Tangazo pia hukupa njia ya kujikinga kwa muda. Kwa lile la 2017 ilikuwa kuweka `nt pipe support = no` kwenye sehemu ya `[global]` ya `smb.conf`, faili la mipangilio ya Samba. Inafanya kazi, lakini ina gharama: watumiaji wa Windows wakiandika jina la seva wanaweza wasione tena orodha ya folda, na simu zitaanza kulia. Kwa CVE-2021-44142, la Januari 2022, kinga ilikuwa kuondoa `fruit` kwenye `vfs objects`, moduli inayowahudumia wenye Mac. Tangazo lile lilionya pia kwamba ukijaribu kulikwepa kwa kubadili mipangilio ya `fruit:metadata` au `fruit:resource`, taarifa za ziada zilizohifadhiwa pamoja na mafaili hazitafikika, na mwenye Mac ataona kama zimepotea. Ndiyo maana nasisitiza soma tangazo lote mpaka chini, usinakili mstari mmoja wa amri kutoka kwenye video. Na kinga ya muda ukiiweka, andika tarehe na sababu pembeni yake ndani ya `smb.conf`, ili kiraka kikija uiondoe.

Ukishasasisha, hakikisha kinachoendesha ni kipya kweli. `systemctl reload smbd` inasoma upya mipangilio tu. Programu iliyoko kwenye kumbukumbu ni ile ile yenye tundu. Unahitaji `restart`, na ndiyo maana watu huiahirisha: kuna mhasibu amefungua jedwali lake na hataki kukatwa. Angalia `smbstatus` uone nani yuko ndani, tangaza muda, kisha anzisha upya jioni watu wakishatoka. Halafu andika `ps -o pid,lstart,cmd -C smbd` na ulinganishe saa ya kuanza na saa uliyosasisha. Prosesi yoyote iliyoanza kabla ya hapo bado ni ya zamani. `needrestart` nayo itakuonyesha huduma zinazoshikilia maktaba zilizokwishabadilishwa.

Umetaja kwamba mmeacha SMB1 (toleo la kwanza la SMB, itifaki ya kushirikisha mafaili ambayo Samba hutumia) wazi kwa ajili ya mashine ya fotokopi inayotuma skani kwenye folda. Hili linanitia wasiwasi kuliko orodha yote ya mkaguzi. Samba yenyewe iliizima SMB1 kuanzia toleo la 4.11 mwaka 2019, kwa hiyo mtu aliirudisha kwa mkono kwa kuandika `server min protocol = NT1`. Programu hasidi ya WannaCry iliyoenea tarehe 12 Mei 2017 ilipita kwenye SMB1 ya Windows, na Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka tarehe 14 Machi. Tundu lile halikuwa la Samba, lakini itifaki ni hiyo hiyo kongwe, na kwa mashine moja ya fotokopi mnaishusha kinga ya mafaili ya ofisi nzima. Angalia kwanza kama mtengenezaji ana programu mpya ya kifaa. Kama hana, tafuta kompyuta ndogo ya pembeni, iwekee folda moja tu ya skani, `hosts allow` iruhusu anwani ya fotokopi na seva inayokuja kuchukua mafaili, basi. Seva kuu irudi SMB2 kwenda juu.

Ukiwa humo, endesha `testparm -s`, inayoonyesha mipangilio ya Samba, na utafute `guest ok = yes` iliyo pamoja na `map to guest = Bad User`. Pamoja zinamaanisha mtu akiandika jina la mtumiaji lisilokuwepo anaingizwa kama mgeni. Diski ya folda za pamoja ipachike kwa `noexec`, ili programu zisiendeshwe kutoka humo. Red Hat waliitaja kuwa mojawapo ya kinga dhidi ya tundu la 2017. Poti 445, mlango wa SMB, isionekane kutoka intaneti kwa namna yoyote; wanaofanya kazi nyumbani wapite kwenye VPN.

Kisha waulize wenzako kama kuna kisanduku cha NAS (kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao) popote ofisini, maana wakaguzi huvisahau na vingi vina Samba ndani. Programu hasidi iliyoitwa SHELLBIND ilivamia vifaa hivyo mwaka 2017 kupitia tundu lile lile la bomba. Humo `apt` haikusaidii, unasubiri kiraka cha mtengenezaji, na kama ameacha kukitunza kifaa, kitoe kwenye mtandao.

Weka hapa matokeo ya `testparm -s` na ya `apt policy samba`, ukiondoa majina ya watu na anwani zenu, nikuangalizie ni mistari ipi ya ripoti inabaki kweli.